Vitabu vya picha vya sala: binti yangu anajua kuomba, huruma hana. Tatizo ni kitabu au ni mimi?

#1 Mama K (mwenye uzi)
Wakuu habari.

Nina binti wa miaka mitano. Mwezi uliopita nilimnunulia kitabu cha picha cha sala, elfu kumi na tano, kurasa 24, jalada linang'aa. Kila ukurasa mtoto anaomba jambo moja: asante kwa jua, mbariki baba, mbariki mama, waponye wagonjwa, wape maskini chakula. Ukurasa wa mwisho Amina, analala.

Amekikariri chote, hata akikishika kichwa chini miguu juu anakisoma. Juzi jioni kapiga magoti, kafumba macho, "Mungu wape maskini chakula", Amina ya nguvu. Haijapita robo saa, mtoto wa jirani akaja kuchungulia mlangoni, na wangu ana chapati mkononi. Wakuu, aliikunja mara nne akaikalia. Mgeni alivyoondoka akaitoa, imekuwa bapa, akaendelea kula kama hakuna kilichotokea.

Sasa nauliza: hivi vitabu vinafundisha huruma kweli, au vinafundisha kumtuma Mungu afanye kazi ambayo sisi hatutaki kuifanya? Kama mnakijua ambacho mtoto anaomba halafu ANAINUKA anafanya kitu, nitajieni.

#2 Jogoo la Shamba
Swali la msingi: hiyo chapati ilikuwa ya kusukuma au ya kumimina? Ya kumimina haikaliki.

#3 Mwl Chekechea
Nimefundisha awali miaka kumi na minane. Mama K usijilaumu, miaka mitano ni umri wa "changu". Tatizo langu na hivyo vitabu ni maneno yake. "Maskini" kwa mtoto ni nani? Niliwahi kuuliza darasani, mmoja akajibu maskini ni babu mwenye fimbo. Kwa nini? Kwa sababu kwenye picha alichorwa babu mwenye fimbo. Mtoto wa jirani hana fimbo, ana kaptula kama ya kwake, kwa hiyo hahusiki na ile sala.

#4 Msomi wa Mtaa
Sayansi ilishasema hili. Kuna utafiti wa 2015, watoto zaidi ya 1,100 wa nchi sita, ukaonesha watoto wa familia za dini ni wachoyo kuliko wa familia zisizo na dini. Msitafute mchawi kwenye kitabu.

#5 Katekista
Mkuu #4, Yakobo kwenye waraka wake katika Biblia aliwahi hiyo hoja bila utafiti. Sura ya 2, mstari wa 15 na 16: ndugu yako yu uchi na ana njaa, unamwambia aende kwa amani akaote moto na kushiba, na hukumpa kitu. Yafaa nini? Ndiyo chapati ya Mama K hiyo, mtoto kamwambia mwenzake akashibe.

Ila kuna jambo nataka Mama K akaangalie. Shika kitabu, hesabu "ni" na "tu". Nipe, nilinde, nibariki. Sala aliyotufundisha Bwana haina "ni" hata moja: utupe, utusamehe, utuokoe. Huwezi kuisali kwa ajili yako peke yako hata ukitaka, sarufi inakukatalia. Watunzi wa vitabu vya watoto wameondoa "tu" wakaweka "ni" wakidhani wanarahisisha.

#6 Ustadh wa Ng'ambo
Asalaam alaykum. Katekista hapo umepiga penyewe. Na Alhamdu, sura ya kwanza ya Qur'ani, ni hivyo hivyo: Wewe tu tunakuabudu, Wewe tu tunakuomba msaada, tuongoze. Mtu anasali peke yake chumbani na bado anasema "sisi".

Halafu kuna sura ambayo watoto wanahifadhi madrasa wakiwa wadogo kabisa, Al-Maun, ya 107, aya saba tu. Inaanza na anayemsukuma yatima na asiyehimiza kumlisha maskini, inaishia na ole wao wanaosali, wanaojionesha na kunyima msaada mdogo mdogo. Wapo wafasiri wanaosema huo msaada ni kumuazima jirani chungu, ndoo, shoka. Sala na chungu cha jirani viko sura moja! Mtoto anaisoma kwa mahadhi mazuri kweli, lakini nani amemchorea hicho chungu? Mimi sijaona.

#7 Penseli HB
Nimesoma hadi hapa nimeshindwa kukaa kimya, maana mimi ni mchoraji na hivi vitabu nimevichora.

Mama K, hiyo picha ya mtoto kapiga magoti kando ya kitanda, viganja vimebanwa chini ya kidevu, nimeichora zaidi ya mara kumi. Haitoki kwetu. Mikono ile iliyobanwa, ile inayobandikwa kwenye kalenda na kadi za rambirambi, ni mchoro wa Dürer, Mjerumani, wa 1508. Mtoto aliyepiga magoti akitazama mwanga ni Samweli mdogo wa Reynolds, Mwingereza, wa 1776 hivi. Wamisionari walikuja na nakala za namna hiyo, zikawa ndiyo sura ya sala. Mteja akikwambia "nichoree mtoto anasali", anachokiona kichwani ni hicho. Kitanda cha mtoto mmoja, pajama za mistari, taa ya mezani. Wangapi humu tulilala hivyo? Sisi tulikuwa watatu kitanda kimoja, chandarua kimefungwa kwa kamba ya katani, unasali umeshalala kwa sababu ukitoka mbu wanaingia.

Lakini hilo dogo. Kuna mchapishaji mmoja, simtaji, alinipa hadithi ya mtoto anayemwombea bibi wa jirani anayeumwa. Ukurasa wa 22 nikachora anasali. Wa 23 nikachora amebeba kikombe cha uji kwa mikono miwili, ulimi kautoa pembeni ya mdomo, mnajua mtoto akibeba kitu cha moto anavyofanya, na matone nyuma yake sakafuni. Naipenda ile picha mpaka leo. Wakaikataa. Wakasema kitabu cha sala kinaishia kwenye Amina, na mtoto kubeba uji wa moto si salama. Nikaambiwa nichore amelala, na mwezi dirishani. Nikachora, nilikuwa nadaiwa kodi.

#8 Jogoo la Shamba
Penseli weka hiyo picha ya uji hapa tuione.

#9 Penseli HB
#8 mkataba unasema michoro ni mali yao, hata iliyokataliwa. Ndiyo hivyo.

#10 Nyuki Dume
Mkuu #7 samahani, marekebisho kidogo. Samweli hakupiga magoti. 1 Samweli 3 alikuwa amelala, akaitwa, akakimbia kwa Eli akidhani ni mzee anamwita. Mara tatu! Mtoto aliamka usiku mara tatu kwenda kumsikiliza mzee mwenye macho mabovu. Hiyo ndiyo ingechorwa.

#11 Penseli HB
Sikusema Biblia inasema alipiga magoti, nimesema Reynolds alimchora hivyo. Ila la kukimbia usiku umenipa wazo, asante.

#12 Dr Kimya
Narudi kwa #4. Ule utafiti wa 2015 uliondolewa na waandishi wake wenyewe mwaka 2019. Nchi zilipewa namba kwenye kompyuta, moja, mbili, tatu, kisha namba zikaingizwa kwenye hesabu kana kwamba ni vipimo, kama vile Kanada ni kubwa kuliko Uturuki kwa kiasi fulani. Mtafiti mwingine alipoifanya upya, tofauti nyingi zikaonekana zinatokana na nchi, si dini. Habari ya kwanza ilizunguka dunia nzima, ya kuondolewa haikufika hata nusu ya njia.

Ukitaka utafiti unaogusa vitabu, upo wa Toronto wa 2017. Watoto wa miaka minne hadi sita walisomewa kitabu cha picha kuhusu kugawana, kundi moja wahusika wakiwa watu, jingine wanyama waliovaa nguo. Baadaye wakapewa stika, wakaambiwa wanaweza kumwachia mwenzao asiyepata. Waliosomewa cha watu waligawa zaidi. Waliosomewa cha wanyama hawakuongeza kitu.

#13 Msomi wa Mtaa
#12 nimekubali la kuondolewa, sikulijua. La Toronto silikubali. Sungura wetu je? Bibi zetu walitulea na sungura na fisi.

#14 Mwl Chekechea
Msomi, sungura alikufundisha kugawana au alikufundisha ujanja? Jibu kwa uaminifu. 😂

#15 Msomi wa Mtaa
Naomba nisijibu.

#16 Karani wa Bandari
Halafu bibi hakuwa na kitabu. Alikuwa anaangalia nani kamnyima nani mchana, usiku kwenye "paukwa, pakawa" fisi anatokea na tabia ileile, na kila mtu pale jamvini anajua fisi ni nani leo. Kitabu cha elfu kumi na tano hakijui chapati ya jana ilikaliwa na nani.

#17 BintiLamu
Nawasalimu kutoka pwani ya Kenya. Mwataka kitabu cha mama kumfunza binti yake dini na utu, mbona kipo? Utendi wa Mwana Kupona, kama 1858. Mama mgonjwa amwita bintiye, amwambia aje na wino na karatasi. La kwanza amwambia ashike dini, la pili awe na adabu na ulimi mwema apendwe kila aingiapo. Dini na watu vimekaa pamoja, tena mwisho mama anaomba dua kwa wanawe, ndugu zake na Waislamu wote. Kingepatikana cha picha cha hiyo ningenunua kumi.

#18 Dr Kimya
Dada BintiLamu, utendi huo huo unamwambia binti asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Huo ubeti nao tuuchore?

#19 BintiLamu
Kweli upo, sikatai. Ni wa zama zake. Lakini hebu tuulizane, wangapi humu wana dada wa kazi nyumbani, na wakati wa sala dada yuko wapi? Tusiwacheke wa 1858.

#20 Katekista
Kimya kimetanda ghafla.

#21 Magongo Mawili
Nimeuona uzi huu tangu asubuhi nikawa naandika nafuta.

Nilipata polio nikiwa na miaka miwili, natembea kwa magongo. Nimekulia kanisani, Sunday school kila wiki, na vitabu vya picha vilikuwepo vya kutosha. Mtu kama mimi alikuwa ukurasa wa "tuwaombee". Daima amekaa chini, anatazama juu, na mtoto mwenye miguu mizima amesimama akimtazama. Wenzangu walikuwa wakifika ukurasa ule wananigeukia. Darasa zima macho kwangu, mwalimu anasema tufumbe macho tumwombee mwenzetu. Kila mwaka! Mimi niliyekuwa nimekariri zaburi kuliko wote, hakuna hata siku moja niliyoambiwa niwaombee wao.

Kwa hiyo Penseli, uji wako ni mzuri, lakini kabla ya uji nichoree mtoto mwenye magongo anamwombea mwenye miguu miwili aliyefeli hesabu. Huyo wa kubeba uji naye ana shida zake.

#22 Penseli HB
Mkuu. Nimechora hiyo picha unayoisema. Mtoto amekaa chini anatazama juu. Niliichora bila kuwaza.

#23 Magongo Mawili
Najua. Ndiyo maana nimeandika.

#24 Ustadh wa Ng'ambo
#21 Mwenyezi Mungu akulipe kheri. Kwetu kuna hadithi ya Mtume katika Sahihi Muslim: ukimwombea ndugu yako naye hayupo, malaika anasema Amin, nawe upate mfano wake. Sharti ni hayupo. Hasikii, hageukiwi, hafumbiwi macho. Ningependa walimu wote wa watoto, wa msikitini na wa kanisani, walijue hilo neno "hayupo".

Kwa wanaoandika vitabu, ipo hadithi nyingine ya Mtume, ya mtu na mbwa, ni kitabu tayari. Mtu ana kiu, anashuka kisimani, anakunywa. Akitoka anamkuta mbwa analamba udongo kwa kiu. Anashuka tena, anajaza kiatu chake maji, anakishika kwa meno ili mikono ipande, anamnywesha. Akasamehewa. Kiatu mdomoni! Mtoto gani hatacheka na kukumbuka?

#25 Nyuki Dume
Ustadh, mimi nilisikia aliyemnywesha mbwa alikuwa mwanamke, tena kahaba.

#26 Ustadh wa Ng'ambo
Zipo zote mbili, Bukhari, mkusanyaji wa hadithi za Mtume, kazipokea zote. Ya mwanaume na kiatu cha meno ni moja, ya mwanamke wa Bani Israil ni nyingine, yeye alifunga kiatu kwa mtandio akachota. Kwa watoto wa miaka mitano tuanze na ya kwanza, hiyo nyingine wazazi watakuja juu.

#27 Jogoo la Shamba
Na utawachoraje? Si nyie Waislamu husema picha hazifai?

#28 Ustadh wa Ng'ambo
Mitume hawachorwi, hilo halina mjadala kwetu. Watu wa kawaida, wanazuoni wametofautiana. Vipo vitabu kutoka India na Uingereza vinavyouzwa Kariakoo na Darajani, vingine vinaonesha watu kwa mgongo, vingine uso umeachwa wazi bila macho. Binti yangu alichukua kalamu akajazia macho yote, kitabu kizima, kisha akaniambia "walikuwa hawamuoni mbwa".

#29 Mwl Chekechea
Hii ya macho nimeipenda kuliko tafiti zote.

#30 Tumbili Mtaalamu
Mnazunguka mbuyu. Jibu ni pesa. Kitabu cha rangi cha kupigwa pini lazima kurasa zigawanyike kwa nne, ukiongeza ukurasa mmoja wa uji unaongeza nne. Ukichapa nakala elfu moja hapa, bei ya moja inakutoa jasho, ukichapa nyingi India unasubiri meli. Ndiyo maana wanatafsiri vya nje ambavyo michoro imeshalipiwa. Pajama za mistari zinatoka huko, wala si kwa Dürer.

#31 Penseli HB
Uongo kidogo hapo. Cha kwangu hakikuongezwa ukurasa, ulibadilishwa. Kulala na kubeba uji vinakula wino uleule.

#32 Tumbili Mtaalamu
Basi wewe kesi yako ni maalumu.

#33 Mwl Chekechea
Kwa wasio na elfu kumi na tano: tovuti ya African Storybook, mradi wa Afrika Kusini, ina hadithi za picha za Kiswahili bure. Unapakua, unachapa, leseni inaruhusu hata kutafsiri kwa lugha ya kwenu. Za sala msitegemee, ila za watoto wanaoishi kama wetu zipo.

#34 Karani wa Bandari
Sisi nyumbani tulikuwa na kile kikubwa cha hadithi za Biblia cha jalada la njano, kiligawiwa mlango kwa mlango. Sisi Waislamu! Baba alikuwa anatusomea Nabii Nuhu, akifika asipopataka anafunua kurasa tano kwa pamoja. Mpaka leo kwangu Yona alimezwa na nyangumi halafu ghafla tuko Bethlehemu.

#35 Jogoo la Shamba
😂😂 #34 umeniua.

#36 Nyuki Dume
Mama K kapotea kwenye uzi wake. Au anasukuma chapati?

#37 Mama K (mwenye uzi)
Nipo, nimesoma yote. Magongo Mawili, ya kwako nimeisoma mara mbili, sina cha kuongeza.

Nilimhesabia Katekista "ni" na "tu". Kitabu kina "ni" kumi na tisa, "tu" mbili.

Sasa la #19 lilinikera kweli, dada BintiLamu, maana dada yetu wakati wa sala huwa jikoni anaosha vyombo na binti yangu hajawahi kumtaja kwenye maombi. Anamtaja baba, mama, bibi wa Moshi, na paka. Paka!

Basi juzi nikamwambia dada amsomee yeye. Dada kusoma kwake kwa shida, darasa la nne aliishia, kwa hiyo anaangalia picha tu, maneno anatunga. Nimekaa sebuleni nasikiliza. Akafika ile picha ya magoti kando ya kitanda. Akasema, "Huyu hapa anatafuta kandambili za bibi chini ya kitanda. Bibi anataka kwenda msalani usiku, sakafu ya baridi." Mtoto akauliza mbona kafumba macho. Dada akasema, "Giza. Ukitafuta gizani macho hayasaidii, mkono ndio unaona." Viganja vimebanwa? "Kazipata, kazishika zote mbili."

Kuanzia hapo binti yangu hataki nisome mimi, anasema mimi nakosea. Jana usiku kapiga magoti kama kawaida, nikajua anasali, kumbe kaingiza mkono chini ya kitanda anapapasa. Akatoka na ndala moja ya dada na vumbi mpaka kwenye nyusi.

Chapati bado anazikalia.

#38 Katekista
Dada wa kazi apewe mkataba na yule mchapishaji.

#39 Penseli HB
Mama K, naomba ruhusa yake. Nataka kuichora hiyo ya kandambili. Na safari hii jina lake linakaa juu ya jalada, langu chini.

#40 Mama K (mwenye uzi)
Nimemuuliza. Anauliza atalipwa shilingi ngapi.

#41 Magongo Mawili
Swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu. Penseli jibu.

#42 Mkazi wa Uyole
Nimechelewa. Hicho cha njano kinapatikana bado? Na cha elfu kumi na tano kinatumwa Mbeya kwa basi?